Fisi Aliyerithi Maji Mafu

Paukwa.

— Pakawa!

Pakawa gani hiyo, kama mmelazimishwa? Tena. Paukwa.

— Pakawa!

Pwani ipo?

— Ipo!

Na maji yake?

— Yalikuwepo sasa hivi!

Yamekwenda wapi?

— Yamekupwa, yatarudi!

Yatarudi na nini?

— Na hadithi!

Haya. Anayetaka kulala alale sasa. Mimi katikati ya hadithi siamshi mtu, wala simrudii mtu alipoachia.

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana marehemu shangazi yangu alikuwa akidai ameuona ule uzio kwa macho yake, paliishi Bi Kaa. Alikuwa mdogo wa kuenea ndani ya kifuu. Alikuwa mjane mwenye watoto mia kadhaa, na kwa kweli alikuwa hawajui wote kwa majina. Kitu kimoja tu alikuwa nacho duniani: uzio wa kunasia samaki. Aliusimamisha mwenyewe pale ufukweni, ufito kwa ufito, fundo kwa fundo, kwa magando yake mawili. Ulikuwa na kuta mbili ndefu zinazokutana kwenye chumba cha duara chenye mlango mwembamba. Maji yakijaa, samaki wanaingia. Maji yakipwa, samaki wanazunguka ukuta, wanazunguka, wanazunguka, mlango hawauoni. Wanabaki mchangani wamekodoa macho. Samaki siku zote hukodoa macho, lakini hapo wanakuwa na sababu.

Lakini maji hayapwi sawasawa kila siku, na hapo ndipo palipohitaji hesabu. Kaa ana miguu minane na magando mawili, jumla kumi. Bi Kaa akiuhesabu mwili wake mzima mara tatu, mwezi umekwisha. Mwezi ukiwa mpungufu anauruka mguu mmoja wenye kovu. Alijua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, kisha yanapwa mpaka unasahau kama palikuwa na bahari. Siku hizo uzio unakauka na Bi Kaa anavuna. Alijua pia kwamba mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayajai ya kujaa, hayapwi ya kupwa, yanakaa tu katikati kama mgeni asiyeaga. Siku hizo uzio umo majini, samaki wanaingia na kutoka wapendavyo, na Bi Kaa anakaa shimoni anasokota kamba.

Porini nyuma ya pwani ile alikaa Fisi. Fisi hakuwa na hesabu yoyote. Kwake mwezi ulikuwa taa ya kuonea mizoga, basi. Na katika nchi ile kulikuwa na sheria moja ambayo hata wachanga waliijua: kilichokufa ni cha Fisi. Ng'ombe akifa, wa Fisi. Punda akifa, wa Fisi. Kunguru akidondoka kwenye tawi, hata kama amesinzia tu, wa Fisi. Hakuna aliyekumbuka nani aliitunga sheria hiyo. Fisi alisema aliitunga babu yake, na kwa kuwa alisema huku akitafuna mfupa, hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku moja, mwezi kumi na tano, saa nne asubuhi, maji yamekwenda mbali, Bi Kaa yuko uzioni anakusanya samaki wake, kwaru kwaru, kwaru kwaru. Akasikia pumzi mgongoni.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye meno."

"Unataka nini?"

"Nataka changu."

"Chako kipi?"

"Hicho ulichoshika."

Bi Kaa akakiacha alichoshika. Kilikuwa changu mnene, tena changu wa kuchoma. Fisi akala, kacha kacha. Akala na wengine, kacha kacha. Akala tasi wote kumi na moja, akajilamba, akarudi porini.

Mwezi kumi na sita, saa nne na ushei, Bi Kaa yuko uzioni, kwaru kwaru. Akasikia pumzi.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wewe hunijui? Si nilikuja jana."

Akala tena, kacha kacha. Siku ya tatu hata hakuulizwa. Alikuja, akala, akalala juu ya mchanga, na alipoamka akasema uzio huu umekaa vizuri, ameupenda, kuanzia leo ni wake. Bi Kaa aendelee kuutengeneza, asiwe na wasiwasi wowote, ila asile. Akiguswa na njaa atafute mwani.

Bi Kaa alirudi shimoni akalia. Kaa akilia huwezi kujua, maana macho yako juu ya vijiti na kila kitu kwake ni maji ya chumvi, lakini alilia. Angefanya nini? Taya la Fisi linavunja paja la ng'ombe. Yeye gamba lake lingevunjika kama kaukau. Na watoto walikuwa wanamwangalia.

Alipomaliza kulia akaenda kwa mjumbe. Mjumbe wa pwani ile alikuwa Korongo. Alichaguliwa kwa sababu aliweza kusimama kwa mguu mmoja kutwa nzima bila kusema neno, na wanyama wakadhani anafikiri. Bi Kaa alimpelekea samaki mmoja aliyekuwa amemficha chini ya jiwe. Fisi naye, alipoitwa, alimpelekea mjumbe samaki mmoja. Wote wawili walitoka kwenye uzio wa Bi Kaa, lakini mjumbe alihesabu mmoja wa huku na mmoja wa huku, akaona mambo yako sawa.

Korongo akasikiliza. Akabadilisha mguu. Akasema:

"Mwenye uzio anadai uzio wake. Aliyeuchukua naye anaupenda. Haki ni kugawana nusu kwa nusu."

Fisi akanung'unika kwamba ameonewa. Bi Kaa, ambaye kwa kweli ndiye aliyeonewa, akainama, akasema kwa adabu:

"Mjumbe wangu, nimekubali. Ila uzio hauwezi kukatwa katikati, utaanguka. Tugawane maji. Kinachoingia uzioni maji ya bamvua kiwe cha mmoja, kinachoingia wakati wa maji mafu kiwe cha mwingine. Bwana Fisi achague kwanza, yeye ni mkubwa."

Masikio ya Fisi yakasimama.

"Umesema maji gani?"

"Maji mafu, bwana."

"Mafu, yaani yamekufa?"

"Mimi nimeyakuta yanaitwa hivyo. Mama yangu aliyaita maji mafu, na mama yake pia. Muulize mjumbe."

Korongo akasema ni kweli, yanaitwa maji mafu, na hutokea mara mbili kila mwezi. Na ndivyo ilivyo, wanangu. Hapo hakuna aliyesema uongo hata kidogo. Nataka mlishike hilo.

Fisi akatazama bahari. Akaitazama kutoka kulia mpaka kushoto, akachoka shingo. Mzoga mkubwa kuliko wote aliowahi kula ulikuwa wa kiboko, na ulimchukua siku tano. Sasa akajaribu kupima hii ni viboko vingapi, hesabu ikamshinda, mate yakamtoka. Tena mara mbili kwa mwezi. Na miaka yote hiyo yeye yuko porini anagombea kwato, hakuna hata jirani mmoja aliyemletea habari za msiba.

"Na samaki wa ndani?" akauliza. "Maji yakiwa mafu, samaki wake wanakuwaje?"

"Wanakuwa wengi sana, bwana, wamejaa tele humo humo majini," akasema Bi Kaa. Na hilo nalo ni kweli tupu.

"Basi nachukua maji mafu. Sheria ya babu inajulikana. Wewe chukua hayo yaliyo hai, uhangaike nayo."

"Bwana Fisi, niachie walau siku moja ya maji mafu. Nina watoto."

"Hata saa moja sikuachii."

"Nusu saa."

"Nimesema."

Bi Kaa akainamisha macho yake yote mawili, kijiti kimoja baada ya kingine. Mjumbe akatangaza: kinachoingia uzioni maji ya bamvua ni cha Bi Kaa, kinachoingia maji mafu ni cha Fisi. Fisi akakanyaga tope kwa nguvu, unyayo wake ukabaki, ukawa ndio sahihi. Bi Kaa akakanyaga pembeni yake. Ya Bi Kaa ilibidi mjumbe ainame kuitafuta.

Mwezi ishirini na mbili, mwezi uko nusu, Fisi akaja pwani na ndoo, na shoka, na shuka jeupe begani la kuombolezea. Akakuta maji yamesimama kwenye kifua cha uzio. Chwa, yanasogea kidogo. Chwa, yanarudi kidogo.

"Bi Kaa, yamekufa?"

"Ndiyo maji mafu hayo, bwana."

"Mbona yanapumua?"

"Kila mwezi huwa hivyo hivyo."

Fisi akakaa. Akaona si vizuri mrithi kuvamia mirathi kabla hata marehemu hajapoa, mjumbe anamtazama. Akajifunika shuka, akaweka matanga, akalia kwa sauti kubwa, uuu-wi, uuu-wi, akimtaja marehemu kwa wema ingawa hawakuwahi kuzoeana. Na mnajua kwetu mwenye msiba hawashi jiko, majirani ndio huleta chakula. Jirani alikuwa Bi Kaa. Akamletea mwani kwenye kifuu, akampa pole.

Kesho yake, mwezi ishirini na tatu:

"Bi Kaa, yamekufa?"

"Ndiyo hayo hayo, bwana."

"Mbona bado yanapumua?"

"Pole na msiba."

Akaletewa mwani.

Siku ya tatu Fisi akaanua matanga, akavua shuka, akaingia majini na shoka kukata minofu. Akapiga shoka, chubwi. Akapiga tena, chubwi. Samaki walikuwepo kweli, tele, kama alivyoambiwa. Walipita katikati ya miguu yake, wakaingia uzioni, wakaangalia, wakatoka. Mmoja alimgonga goti. Fisi aliuma maji mpaka tumbo likavimba, akatapika chumvi, akarudi porini anayumba, anaapa kwamba yule kaa amemdanganya na atamtafuna na gamba lake.

Siku saba alikaa porini akijiuguza, anakula ngozi za viatu vya watu. Mwezi ukazama, ukaandama mwingine mwembamba. Asubuhi ya mwezi mosi akapata nguvu, akaja pwani mbio kumtafuta Bi Kaa amuue.

Akafika, akasimama ghafla.

Bahari haikuwepo.

Palipokuwa na maji palikuwa na mchanga mtupu, unang'aa, mpaka kule mbali mwisho wa macho. Majongoo ya pwani yamelala wazi. Mwani umelala chali. Na uzio umesimama mkavu, ndani yake samaki wanarukaruka, pata pata pata. Fisi akashika kichwa.

"Kumbe siku zile yalikuwa mgonjwa tu," akasema. "Leo ndiyo yamekufa."

Bi Kaa alikuwa juu ya ufito, anahesabu miguu. Akasikia, akashtuka kweli kweli. Kinachoingia leo kilikuwa chake, ndicho chakula cha wanawe cha nusu mwezi mzima.

"Bwana Fisi, hapana. Haya ndiyo ya bamvua. Leo yako hai kuliko siku zote."

"Yako hai na hayapo?"

"Yamekwenda mbali. Yatarudi, na yakirudi leo hayaji taratibu. Tazama wingu lile lilivyokaa, na upepo umegeuka unatoka baharini. Usiingie humo chumbani."

"Ulipoyaona yanapumua, ulisema yamekufa. Leo nimeyaona yamekufa, unasema yako hai. Unanionaje wewe?"

"Nakwambia kweli, bwana."

"Ndiyo ulivyosema siku ile."

Na kweli ndivyo alivyosema siku ile. Fisi akapenya mlango mwembamba, akaingia kwenye chumba cha duara, akala, kacha kacha, kacha kacha. Akala mpaka jua likasogea. Bi Kaa akamwonya mara ya pili, akatupiwa kichwa cha pono. Akamwonya mara ya tatu, Fisi alikuwa amelala chali anakoroma, maana marehemu hawana haraka na mirathi yao haiendi popote.

Maji yakarudi. Chwa. Yakalowesha mkia, Fisi akageuka upande. Chwaa. Yakafika mbavuni, akaota ananyeshewa. Chwaaa. Yakaingia puani, akaamka.

Akauendea mlango, akauona ukuta. Akazunguka, ukuta. Akazunguka, ukuta. Ule uzio ulifungwa na mtu asiyekuwa na kitu kingine duniani, kwa hiyo haukutikisika. Kupanda Fisi hawezi, babu yake hakuacha sheria ya kupanda. Maji yakafika kifuani. Akaanza kupiga kelele.

"Nani huyo?" akauliza Bi Kaa, yuko juu ya ufito.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi mwenye meno."

"Unataka nini?"

"Nataka kutoka."

"Ngoja nimwite mjumbe."

Korongo akaja akitembea, maana mjumbe hakimbii hovyo. Akasimama juu ya ukuta kwa mguu mmoja.

"Mjumbe," akasema Bi Kaa, "tulikubaliana nini? Kinachoingia uzioni maji ya bamvua ni cha nani?"

"Chako."

"Leo maji gani?"

"Ya bamvua."

"Na huyu yuko wapi?"

Korongo akainama, akaangalia vizuri. "Uzioni."

"Mimi si samaki," akalia Fisi.

"Makubaliano hayakutaja samaki," akasema Korongo. "Yalisema kinachoingia. Wewe umeingia. Wewe ni wa Bi Kaa."

Maji yakafika shingoni.

"Na akifa humu?" akauliza Bi Kaa.

Hapo Korongo akabadilisha mguu. "Akifa anakuwa mzoga. Mzoga ni wa Fisi. Akiwa hai ni wako, akifa ni wake mwenyewe. Anajirithi."

Sasa Bi Kaa ndiye aliyeogopa. Fisi ana ndugu. Mzoga ukibaki humu, wangekuja wote kutoka porini kudai cha ukoo, wangeung'oa uzio ufito kwa ufito, na yeye angerudi kwenye mwani na wale watoto mia kadhaa. Akamtaka Fisi aseme mbele ya mjumbe, haraka kabla maji hayajafika mdomoni: "Mimi ni wa Bi Kaa." Aseme hivyo tu, atamkatia kamba.

Mnadhani alisema? Alikuwa anafikiri, wallahi. Upande mmoja, kuishi, awe mali ya kaa. Upande mwingine, mzoga wa fisi mzima, mnene, ameshiba samaki asubuhi hiyo hiyo, na kwa sheria ya babu yake hakuna wa kumgombea. Macho yakamng'aa. Akainua pua juu ya maji.

"Mjumbe," akauliza, "nikifa, nachukua wote, au na wewe una nusu yako?"

"Nusu kwa nusu," akasema Korongo.

"Basi mimi ni wa Bi Kaabwabwabwabwa."

Bi Kaa akazama chini, akakata kamba, kata, kata, kata, fito tatu zikaachia, na Fisi akatoka anaogelea kama gunia. Tangu siku ile kila mwezi kumi na tatu analeta fito kutoka porini, anaziweka mchangani, anaondoka hajatazama bahari. Lakini hesabu bado haijui. Ndiyo maana mkimsikia kule porini analia uuu-wi, uuu-wi, msiseme ana njaa. Anauliza leo mwezi ngapi.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba tuseme kweli daima, kwa sababu kweli haijawahi kumdhuru mtu. Bi Kaa alisema kweli mwanzo mpaka mwisho, na mmeona jinsi Fisi alivyofaidika. Funzo la pili ni kwamba mjumbe asiyefanya kitu apewe samaki wawili.

Hadithi imekupwa. Iliyonasa ni yenu, iliyopita mlangoni naenda nayo.